Kabla Hujalipia Barua Pepe Zako Zifike: Mwongozo kwa Anayetuma kwa Watu Wengi

Kila mwenye orodha ya wasomaji hatimaye hukutana na kisa hiki: seva inaonyesha kwamba barua zote zimepokelewa, hakuna hata moja iliyorudishwa, na bado wasomaji wanauliza kwa nini toleo la mwezi huu halikutoka. Limetoka, ila limelala kwenye folda ya barua taka. Ni katika saa hiyo ya hasira ambapo tangazo la muuzaji husomeka vizuri kuliko siku nyingine yoyote: lipa ada fulani, barua zako zithibitishwe, zipite moja kwa moja hadi kikashani.

Mwongozo huu ni wa kumsaidia mtumaji wa barua halali aamue kama atoe fedha hizo au azizuie, na kabla ya hapo afanye yale ambayo hayana gharama. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili msomaji aupime kila anapoendelea: fedha zinaweza kununua uthibitisho wa utambulisho wako, lakini haziwezi kununua ridhaa ya msomaji, na vichujio vya leo hupima ridhaa kwa makini kuliko karibu kitu kingine chochote.

Ugomvi wa 2006, na swali lililobaki

Wazo la kulipia barua pepe ili iaminiwe lilizua zogo kubwa nchini Marekani mwanzoni mwa 2006, pale AOL na Yahoo, kampuni zilizokuwa zikihifadhi masanduku ya barua ya mamilioni ya watu, zilipotangaza kwamba zingetumia huduma ya kampuni iitwayo Goodmail Systems. Mtumaji angechunguzwa kwanza, kisha angelipa kati ya robo ya senti na senti moja kwa kila barua. Barua hiyo ingebeba alama ya siri ya kihesabu, na ikifika AOL ingeruka vichujio na kuonekana kikashani pamoja na picha na viungo vyake, ikiwa na nembo ya kumwarifu msomaji kwamba imethibitishwa. Sehemu ya mapato ingekwenda kwa mwenye masanduku.

Tarehe 28 Februari mwaka huo muungano wa mashirika ulijitokeza hadharani kupinga. Ndani yake walikuwamo watetezi wa haki za kidijitali wa EFF, wanaharakati wa MoveOn, mtandao wa vikundi vya wagonjwa wa saratani, na hata chama cha wamiliki wa bunduki. Makundi ambayo kwa kawaida yasingekaa meza moja. Hoja yao haikuwa kwamba senti moja ni nyingi. Walisema kwamba mwenye lango akianza kupata mapato kutoka kwa wanaolipa ili kuruka kichujio, atapoteza hamu ya kukitengeneza kichujio chenyewe, na njia ya bure itaachwa ichakae hadi kila mtu alazimike kulipa. AOL ilijibu kwamba huduma ni ya hiari na kwamba orodha yake nyeupe ya bure, yaani ya watumaji wanaoaminika, ingeendelea, na baada ya shinikizo ikaahidi kuyagharimia mashirika yasiyo ya kibiashara yanayokidhi vigezo. Kwa upande wa pili Esther Dyson, mchambuzi wa teknolojia aliyejulikana sana, aliandika katika New York Times akitetea wazo la mtumaji kulipa, kwa imani kwamba soko lenyewe lingechuja huduma nzuri na mbaya.

Goodmail ilifungwa Februari 2011. Njia ya bure haikufa, na barua taka nazo hazikupungua kwa sababu ya alama ile ya kulipiwa kama stempu, wala zisingeweza kupungua. Anayetuma barua taka hakuombwa kulipa. Aliendelea kutumia njia ya kawaida, mara nyingi kupitia kompyuta za watu wengine zilizotekwa na programu haribifu, kwa hiyo hata kama kila barua ingetozwa, bili ingemfikia mwenye kompyuta asiyejua lolote. Shida hiyo hiyo iliziandama mbinu za kumtoza mtumaji kwa kazi ya hesabu badala ya fedha, kama Hashcash ya Adam Back ya 1997: mwenye maelfu ya mashine zilizotekwa haogopi kuzitoza jasho.

Kwa hiyo kinachouzwa katika mpango kama ule ni nafasi ya kuruka foleni, na foleni yenyewe inabaki ndefu kama ilivyokuwa. Kuruka foleni si dhambi. Lakini anayelipa ajue kwamba hicho ndicho alichonunua, na aulize swali ambalo wapinzani wa 2006 waliliacha mezani: nani anapata fedha hizi, na je, mtu huyo ananufaika kichujio kikiwa kizuri au kikiwa kibaya? Tutalirudia swali hilo, kwa sababu ndilo kipimo bora nilichonacho cha kumkagua muuzaji yeyote.

Soma vichwa vya barua kabla ya kugusa chochote

Watu wengi huanza kwa kubadilisha maneno ya kichwa cha habari, kuondoa alama za mshangao na kuogopa neno "bure" kama vile ni kosa la jinai. Imani hiyo inatokana na enzi ambapo vichujio vilihesabu maneno. Tangu Agosti 2002, mtaalamu wa programu Paul Graham alipoeleza jinsi ya kutumia kanuni ya Bayes kupima uwezekano wa barua kuwa taka kwa kulinganisha maneno yake na barua ambazo msomaji mwenyewe amekwisha kuzipokea, hesabu hizo zimekuwa za kina zaidi, na leo maneno ni sehemu ndogo tu ya hukumu. Seva inayopokea huangalia kwanza anwani ya IP (namba ya seva kwenye mtandao) inayoigongea mlango na kuilinganisha na orodha za kuzuia, kama zile za Spamhaus. Kisha hukagua kama mtumaji anaweza kuthibitisha kikoa anachodai ni chake (sehemu ya anwani inayofuata alama ya @), hupima sifa ya kikoa hicho kwa muda, na mwisho hutazama wasomaji wamezifanyia nini barua zilizotangulia: wamezijibu, wamezifuta bila kuzifungua, au wamebonyeza kitufe cha kuripoti taka.

Jitumie barua moja ya orodha yako kwenye masanduku uliyoyafungua kwa watoa huduma watatu au wanne tofauti, kisha fungua kila moja katika umbo lake la asili, pamoja na vichwa vyote, yaani mistari ya kiufundi ya barua ambayo kwa kawaida hufichwa. Tafuta mstari uitwao Authentication-Results. Utaona humo SPF, DKIM na DMARC, zana tatu za utambulisho nitakazozieleza hapa chini, na mbele ya kila kimoja neno linalosema kama kimefaulu au kimeshindwa. Kama hata kimoja kimeshindwa, acha kila kitu kingine, pamoja na mazungumzo na muuzaji, mpaka ukirekebishe. Ukilipia kuthibitishwa huku saini zako zikiwa zimevunjika, unapaka rangi ukuta wenye nyufa.

Jitambulishe bila kulipa

Itifaki ya kusafirisha barua pepe iliandikwa mwaka 1982 kwa ajili ya jumuiya ndogo ya watu walioaminiana, na haikuweka njia ya kumhakiki mtumaji. Barua ina anwani mbili za mtumaji: moja ni ya bahasha, ambayo seva huitumia kurudisha barua zilizoshindikana, na nyingine ni ile anayoiona msomaji. Hakuna kilichozilazimisha zilingane, na ndiyo maana mlaghai anaweza kuandika jina la benki yako juu ya barua yake. Zana tatu zilizokuja baadaye ziliziba tundu hilo, na zote ni za bure kwa mwenye kikoa.

SPF ni rekodi unayoiweka kwenye DNS ya kikoa chako, yaani daftari la wazi la vikoa kwenye mtandao, ikitaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake. Makosa mawili hujitokeza mara kwa mara. La kwanza ni kuwa na rekodi mbili za SPF badala ya moja, jambo linalozibatilisha zote mbili. La pili ni kuongeza huduma moja baada ya nyingine, ya jarida, ya ankara, ya fomu za tovuti, hadi rekodi inahitaji maulizo zaidi ya 10 ya DNS, na hapo seva inayopokea hukata tamaa na kuihesabu kuwa mbovu. Ondoa huduma ulizoacha kuzitumia. Kila moja unayoisahau humo ni mtu unayemruhusu kuandika kwa jina lako.

DKIM ni saini ya kidijitali. Seva yako hutia saini barua kwa ufunguo wa siri, na anayepokea huikagua kwa ufunguo wa wazi ulioutangaza kwenye DNS. Tumia ufunguo wa biti 2048 ikiwa mtoa huduma wako anaruhusu. Faida ya DKIM juu ya SPF huonekana barua inapopelekwa mbele: SPF hushindwa kwa sababu seva ya katikati haimo katika orodha yako, lakini saini huendelea kuwa halali mradi maandishi hayakuguswa.

DMARC huziunganisha hizo mbili na anwani anayoiona msomaji, na humweleza mpokeaji afanye nini barua ikishindwa: asifanye lolote, aiweke kando, au aikatae. Anza na sera ya kutofanya lolote huku ukiomba ripoti zitumwe kwenye anwani uliyoitenga. Ripoti hizo huja katika faili za XML zisizopendeza macho, lakini ndani yake utagundua seva ambazo hukujua zinatuma kwa jina lako. Mara nyingi ni programu ya uhasibu iliyosahaulika, na mara nyingine ni mlaghai. Ukishawatambua wote walio halali, panda hadi kuweka kando, kisha kukataa. Nimewaona watu wakirukia hatua ya mwisho siku ya kwanza, na wakazuia ankara zao wenyewe kwa wiki nzima.

Tangu Februari 2024 haya si mapambo tena. Google na Yahoo zilianza kuwataka wanaotuma kwa wingi wawe na SPF, DKIM na DMARC kwa pamoja, waweke njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja, na wahakikishe kwamba kiwango cha malalamiko kinabaki chini ya asilimia 0.3. Kwa Google, mtumaji wa wingi ni yule anayefikisha barua 5,000 kwa siku kwenye masanduku ya Gmail. Utambulisho ule ambao Goodmail ilitaka kuuuza kwa senti sasa ni sharti la kuingia mlangoni, na haulipiwi.

Orodha yako ndiyo kesi yako

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae zaidi, kwa sababu ndipo penye ugonjwa mara nyingi na ndipo watu wasipopenda kupatazama. Kila mtu ana hakika kwamba barua zake si taka. Lakini kichujio hakijui nia yako, na hakina haja ya kuijua. Kinajua kwamba kati ya watu 1,000 uliowaandikia, watatu wamelalamika, na watatu hao wametosha kukufikisha kwenye ukingo wa asilimia 0.3. Google yenyewe hushauri mtumaji abaki chini ya asilimia 0.1, yaani mlalamikaji mmoja katika 1,000.

Jiulize kila anwani iliingiaje. Aliyejaza fomu na kisha akabonyeza kiungo cha kuthibitisha kilichotumwa kwenye sanduku lake amekupa ridhaa unayoweza kuionyesha. Aliyejaza fomu bila kuthibitisha huenda alikosea herufi moja, na sasa unamwandikia mtu mwingine kabisa. Aliyenunua kitu kwako miaka minne iliyopita alikupa anwani ili apate risiti. Na anwani ulizozinunua, au ulizozichukua kwenye orodha ya waliohudhuria mkutano, zifute leo. Hakuna cheti, stempu wala nembo itakayozisafisha.

Wapo pia wakazi wa orodha ambao si watu. Watoa huduma na waendeshaji wa orodha za kuzuia huweka anwani za mtego: nyingine hazijawahi kuwa za mtu yeyote, na nyingine ni masanduku yaliyoachwa kwa muda mrefu, yakarudisha barua kwa kipindi fulani, kisha yakawashwa tena kimya kimya. Anayeendelea kuyaandikia anajishtaki mwenyewe kwamba hasomi majibu ya seva. Kwa hiyo yasome. Jibu linaloanza na tarakimu 4 maana yake ni kizuizi cha muda, na unaweza kujaribu tena baadaye. Linaloanza na 5 ni la kudumu, na pale linaposema kwamba sanduku halipo, anwani hiyo iondoke kwenye orodha mara moja bila kusubiri jaribio la pili.

Kwa wale ambao wamenyamaza mwaka mzima, waandikie barua moja fupi ukiuliza kama wanataka kuendelea, na asiyejibu mwondoe. Najua inauma. Orodha ya 20,000 ikishuka hadi 12,000, mwenye kamati atauliza kulikoni. Lakini wale 8,000 hawakuwa wakisoma. Kazi pekee waliyokuwa wakiifanya ni kukishawishi kichujio kwamba barua zako hazitakiwi. Tahadhari moja: usipime ukimya kwa takwimu za kufungua barua peke yake. Tangu 2021 programu ya barua ya Apple hupakua picha kwa niaba ya msomaji anayetumia ulinzi wake wa faragha, na barua huonekana imefunguliwa hata kama hakuna jicho lililoiona. Tumia mibonyezo ya viungo, majibu na ununuzi.

Kujiondoa kuwe rahisi kuliko kulalamika. Msomaji aliyechoka ana vitufe viwili mbele yake, cha kuripoti taka na cha kujiondoa, na atabonyeza kile kilicho karibu. Weka kichwa cha List-Unsubscribe pamoja na nyongeza yake ya mbonyezo mmoja iliyowekwa kuwa kiwango mwaka 2017, ili mtoa huduma aonyeshe kitufe chake juu ya barua. Usimtake mtu aingize nywila ili aondoke. Usimuulize sababu kabla ya kumwondoa. Muulize baadaye, kama lazima. Kisha jiunge na huduma za bure za kupokea taarifa za malalamiko: Google ina Postmaster Tools, na Microsoft ina SNDS inayoonyesha hali ya anwani zako za IP. Kumbuka kwamba malalamiko huhesabiwa kwa barua zilizofika kikashani. Barua zikishaanguka kwenye taka malalamiko hushuka, na mtu asiyejua hushangilia.

Mbele ya muuzaji

Umekwisha kufanya hayo yote, umengoja wiki kadhaa kwa sababu sifa haijengeki kwa siku mbili, na bado sehemu ya barua zako inapotea. Sasa ni halali kumsikiliza muuzaji. Mwache amalize, kisha anza kuuliza.

Kwanza mtake aeleze anachouza, maana maneno "barua pepe iliyothibitishwa" hubeba bidhaa tofauti kabisa. Katika Italia huduma iitwayo PEC, iliyowekewa kanuni za serikali mwaka 2005, humpa mtumaji uthibitisho wa kisheria wa kutuma na kufikisha, kama barua ya rejista. Ni chombo cha mikataba na mahakama, na hakihusiani na jarida lako. Cheti cha nembo, kinachotumika pamoja na mfumo wa BIMI, huwezesha alama yako ya biashara ionekane kando ya jina lako kikashani, mradi DMARC yako iko kwenye sera ya kuweka kando au kukataa. Hakikuahidi kuvuka kichujio, na muuzaji anayedokeza vinginevyo mwombe aandike ahadi hiyo ndani ya mkataba. Bidhaa ya tatu ni uidhinishaji wa sifa: kampuni hukukagua, hukuweka kwenye orodha ya wanaoaminika, na watoa huduma walioafikiana nayo huipa orodha hiyo uzito fulani.

Kwa bidhaa hiyo ya tatu, swali la pili ni watoa huduma gani hasa wanaitambua, na wangapi kati ya wasomaji wako wana masanduku huko. Hii ni hesabu unayoweza kuifanya mwenyewe jioni moja kwa kupanga anwani zako kwa vikoa. Ikiwa masanduku yanayohusika ni moja ya tano ya orodha, basi gharama yote uigawe kwa hiyo moja ya tano, hata kama muuzaji anapenda kuigawa kwa wote.

Swali la tatu ni namna ya kutoza. Tuchukue viwango vya 2006 kama mfano wa hesabu tu: mwenye wasomaji 20,000 anayetuma kila wiki angelipa, kwa robo ya senti, dola 50 kwa wiki, yaani dola 2,600 kwa mwaka; kwa senti moja, dola 10,400 kwa mwaka. Kwa benki inayotuma taarifa za akaunti hilo ni jambo dogo. Kwa kikundi cha watu wa kujitolea wanaotumiana habari za ugonjwa, ni mwisho wa jarida. Ndiyo sababu kilio cha vikundi vya wagonjwa wakati ule kilikuwa na uzito kuliko cha wauzaji wa bidhaa: ada ya kila barua humuumiza zaidi yule anayeandika sana bila kuuza kitu.

Ipo namna nyingine ya kutoza ambayo kwa maoni yangu ni ya haki zaidi, ingawa haikuvuma sana. Katika mpango wa Bonded Sender, ulioanzishwa na kampuni ya IronPort mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtumaji aliweka dhamana, na dhamana hiyo ilikatwa pale malalamiko yalipozidi kiwango. Tazama tofauti: katika mpango wa stempu, mtumaji mwema na mtumaji msumbufu hulipa sawa kwa kila barua, na mwenye lango hupata zaidi kadiri barua zinavyozidi; katika mpango wa dhamana, fedha hutoka pale tu msomaji anapokerwa. Mtu anayekuuzia uidhinishaji leo, mwulize anapoteza nini akikuidhinisha kimakosa. Kama jibu ni kwamba hapotezi chochote, idhini yake haitadumu kuwa na thamani mbele ya watoa huduma, kwa sababu wao wana takwimu zao wenyewe na huziamini kuliko za mtu mwingine.

Hapo tunalirudia lile swali la nani anapata fedha. Ikiwa sehemu ya ada inakwenda kwa anayemiliki kichujio, dai uelezwe kwa maandishi nini kitatokea kwa barua zako siku utakayoacha kulipa. Zitarudi kupimwa kama za mtu mwingine yeyote, au zitaanza upya kama za mgeni? Muuzaji mwaminifu hujibu kwa sentensi moja. Uliza pia kiwango cha malalamiko kitakachokufanya uondolewe, nani anakihesabu, na kama utapewa taarifa kabla ya kuondolewa au baada.

Neno moja kuhusu wanaoahidi "asilimia 100 kikashani". Uamuzi wa mwisho ni wa mtoa huduma wa msomaji na wa msomaji mwenyewe. Anayeahidi uamuzi ambao si wake, usiendelee naye.

Jaribu kwa nusu, usijaribu kwa wote

Ukiona mpango una maana, omba kipindi cha majaribio na ukifanye kwa nidhamu. Chukua wasomaji walio kwa watoa huduma wanaoitambua idhini hiyo tu, uwagawe kwa bahati nasibu katika makundi mawili yaliyo sawa, na uwatumie barua ile ile, saa ile ile, kwa kichwa cha habari kile kile. Kundi moja lipite kwenye njia iliyoidhinishwa na jingine kwenye njia ya kawaida. Ikiwa idhini imefungwa kwenye anwani ya IP, itakubidi uwe na anwani mbili, na ile mpya uipashe moto taratibu kwa kuongeza idadi ya barua siku hadi siku, vinginevyo utakuwa unalinganisha idhini na ugeni. Tuma angalau mara nne. Linganisha mibonyezo, majibu na malalamiko. Takwimu za kufungua ziache kando kwa sababu niliyoitaja.

Matokeo yakija, tafuta kwanza malalamiko. Inawezekana kabisa kundi lililoidhinishwa likawa na mibonyezo mingi na malalamiko mengi kwa pamoja, kwa kuwa barua zilizokuwa zikizama sasa zinaonekana na watu ambao hawakuzitaka. Hiyo ni ishara kwamba usafishaji wa orodha haukukamilika, na ukiendelea kulipa katika hali hiyo utaondolewa na muuzaji huyo huyo miezi michache baadaye, fedha zikiwa zimekwisha kwenda. Kama tofauti ya mibonyezo ni ndogo kiasi kwamba inaweza kutokea kwa bahati tu, rudia mara mbili zaidi kabla ya kuamua. Kama ipo na ni ya kudumu, igawe gharama ya mwaka kwa idadi ya wasomaji wa ziada waliofikiwa kweli, upate bei ya msomaji mmoja, na uamue kama jarida lako linaimudu.

Wakati majaribio yanaendelea, waandikie wasomaji waliojiunga karibuni na uwaombe mambo mawili: waongeze anwani yako kwenye anwani zao, na wakiikuta barua kwenye folda ya taka waitoe kwa kubonyeza kitufe cha kusema si taka, kwa sababu kuihamisha kimya kimya si ishara yenye nguvu sawa. Wengi hawatafanya. Lakini wachache watakaofanya wanakifundisha kichujio kitu ambacho cheti hakiwezi kukifundisha.

Ukisaini, mkataba uwe wa miezi michache na usiwe wa kujirefusha wenyewe. Andika kwenye kalenda tarehe ya mwezi mmoja kabla haujaisha, na siku hiyo rudia jaribio la makundi mawili kwa barua moja tu. Watoa huduma hubadilisha uzito wanaoupa uidhinishaji wa nje bila kumtangazia mtu, na jaribio hilo dogo ndilo litakalokuonyesha kama njia uliyoilipia bado inakwenda kokote.